Ralph Emery na Vijana wa Byrds: Kisa cha Mlango wa Studio, Nashville, 1968

Katikati ya mwezi wa Machi 1968, wanamuziki wawili wa bendi ya Byrds kutoka California, Roger McGuinn na Gram Parsons, waliingia katika studio ya kituo cha redio cha WSM mjini Nashville, Tennessee, wakiwa wamebeba rekodi ambayo ilikuwa bado haijaingia madukani. Mwenyeji wao alikuwa Ralph Emery, mtangazaji wa zamu ya usiku na mmoja wa watu wenye ushawishi mkubwa kuliko wote katika muziki wa kantri wa Marekani. Rekodi hiyo haikumpendeza, wala hakuficha kwamba haikumpendeza, na mazungumzo yote yalikwenda kombo hewani, wasikilizaji wakisikia. Wageni waliondoka na kinyongo, wakatunga wimbo wa kumkejeli, na wimbo huo ukaishi kuliko kipindi chenyewe.

Mashabiki wa roki wamezoea kukisimulia kisa hiki kama pambano la vijana wenye vipaji na mzee mshupavu aliyewafungia mlango. Ni simulizi tamu, lakini ina kasoro tangu mwanzo, kwa sababu mzee huyo alikuwa ametimiza miaka 35 siku chache tu kabla. McGuinn alikuwa na miaka 25 na Parsons 21, hivyo pengo lao na mwenyeji halikuwa la vizazi viwili. Ili kuelewa kilichotokea ni lazima kwanza kujua kituo kile kilikuwa nini, Emery alitoka wapi, alipenda muziki wa namna gani na kwa nini, kwa kuwa hukumu aliyoitoa usiku ule ilikuwa imeandaliwa na maisha yake muda mrefu kabla ya wageni kubisha hodi.

WSM ilianza kurusha matangazo Oktoba 1925, ikiwa mali ya kampuni ya bima ya National Life and Accident, na herufi zake zilifupisha kaulimbiu ya kampuni hiyo iliyojinasibu kuwakinga mamilioni ya watu. Mwezi uliofuata kilianza kipindi cha ngoma za kijijini ambacho baadaye kiliitwa Grand Ole Opry, na ambacho hadi leo hakijakatika. Tangu 1932 kituo kilikuwa na nguvu ya wati 50,000 kwenye masafa ya kati ya kilohezi 650. Kwa sheria za Marekani za wakati huo masafa hayo yalilindwa usiku ili yasiingiliwe na kituo kingine, na maumbile nayo yalisaidia: tabaka la chini la angahewa ambalo mchana hunyonya mawimbi ya masafa ya kati hufifia jua linapotua, mawimbi yakapaa hadi tabaka la juu zaidi na kurudishwa ardhini mamia ya kilomita kutoka mnarani. Wale waliowahi kuinasa Radio Tanzania Dar es Salaam au Sauti ya Kenya wakiwa mbali sana na mji mkuu, usiku redio ikivuma na kufifia, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Maana yake ni kwamba mtu aliyeshika maikrofoni ya WSM usiku hakuwa anazungumza na mji wa Nashville. Alizungumza na madereva wa malori waliokuwa wakivuka majimbo, walinzi, wafanyakazi wa zamu viwandani, wauguzi, na wakulima waliokosa usingizi. Wasikilizaji hao hawakuwa na picha ya kutazama wala mtu wa kuzungumza naye, na dereva aliyekuwa peke yake barabarani saa tisa za usiku alimtegemea mtangazaji amfanye asisinzie na asijione mpweke. Emery alipewa zamu hiyo 1957, akiwa na miaka 24, akaishikilia hadi 1972. Miaka 15 ya kukesha na watu wa aina hiyo humjengea mtangazaji masikio ya namna fulani, na wakati mwingine humfundisha kudhani kwamba masikio yake na ya wasikilizaji ni kitu kimoja.

Asili yake mwenyewe ilikuwa hukohuko. Alizaliwa 10 Machi 1933 katika mji mdogo wa McEwen, magharibi ya Nashville, na sehemu kubwa ya utoto wake aliipitisha shambani kwa babu na bibi, kwa kuwa baba alikuwa mlevi na nyumba ya wazazi haikutulia. Baadaye alisimulia kwamba sauti za redio zilikuwa kwake mithili ya jamaa. Alipofika ujana alifanya kazi ya kuonyesha watu viti katika jumba la sinema na ya kupanga bidhaa kwenye rafu za duka la Kroger, na fedha hizo akazitumia kulipia masomo ya utangazaji mjini Nashville, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa John Richbourg. Jambo hili lastahili kutazamwa kwa makini, kwani Richbourg, Mzungu aliyejulikana kwa jina la John R., ndiye aliyekuwa akiwapigia maelfu ya wasikilizaji muziki wa Wamarekani Weusi kila usiku kupitia kituo cha WLAC katika mji huohuo. Mwanafunzi alichukua ufundi wa mwalimu, yaani ile namna ya kusema polepole na karibu kana kwamba msikilizaji ni mmoja tu. Muziki wa mwalimu hakuuchukua. Alianzia katika kituo kidogo cha mji wa Paris, ule wa Tennessee, akapita vituo vingine vidogo, kisha akaufikia mnara mkubwa wa WSM.

Kwa hiyo huyu alikuwa mtu aliyejinunulia nafasi yake kwa kazi za mikono. Katika maisha ya namna hiyo, maadili yanayokaa moyoni ni yale ya kufika kwa wakati, kuvaa vizuri, kuwaheshimu waliotangulia na kujua kwamba nafasi huombwa. Sidhani kwamba ni maadili ya kudharauliwa, ndiyo yaliyomlea. Hata hivyo yana upande wake mkali, nao ni kumwona mtu asiyeyafuata kuwa hana adabu, kabla hata ya kusikia alichokuja nacho.

Kuhusu ladha yake ya muziki, Emery alikuwa mtu wa zama zilizoitwa za mlio wa Nashville, wakati watayarishaji kama Chet Atkins wa kampuni ya rekodi ya RCA na Owen Bradley wa kampuni ya Decca walipoulainisha muziki wa kantri kwa kuongeza vinanda, fidla nyingi na waitikiaji, huku sauti ya mwimbaji ikiachwa mbele kabisa ili kila neno lisikike. Muziki huo unawafaa watangazaji wa usiku, kwa sababu haupigi kelele na unasimulia. Mara nyingi wimbo wa kantri wa enzi hizo ni hadithi fupi: kuna mtu, kuna jambo lililompata, na kuna mstari wa mwisho unaougeuza moyo. Emery mwenyewe alijaribu kuimba, na 1961 wimbo wake wa kumjibu mwimbaji mwenzake Faron Young ulipanda hadi nafasi ya nne katika orodha ya kantri ya Marekani. Wimbo aliokuwa akiujibu ulitungwa na Willie Nelson, naye mwimbaji anasemezana na kuta za chumba alichoachwa. Jibu la Emery lilikuwa la kuta zenyewe. Anayecheka na acheke, lakini mtu aliyepata kibao chake kikubwa kwa kujibu hoja ya wimbo mwingine ni mtu anayesikiliza kwanza maneno.

Kipindi chake cha usiku kilijulikana kwa ukarimu. Wanamuziki waliingia studioni bila miadi, wengine wakitoka jukwaani, wengine wakiwa wametoka tu kurekodi, wakaketi, wakazungumza, wakapiga gitaa na kusubiri kuona wasikilizaji wataupokeaje wimbo mpya. Marty Robbins alikuwa mgeni wa mara kwa mara. Tex Ritter, mwimbaji na mwigizaji wa filamu za wachunga ng'ombe, alipohamia Nashville katikati ya miaka ya 1960 alikuwa mtangazaji mwenza. Kwa mwanamuziki aliyekuwa akitafuta jina, kukaribishwa usiku mmoja pale kulikuwa na thamani kuliko wiki za kuzunguka na gari, kwani wimbo ulisikika majimboni kote kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo ukarimu na mamlaka vilipokutana. Mtu anayeweza kukufungulia mlango kwa tabasamu, bila kamati wala barua, ndiye huyohuyo anayeweza kukunyima bila kuulizwa sababu.

Byrds walikuwa watu wa mlango mwingine kabisa. Walijulikana tangu 1965 kwa kuchanganya nyimbo za Bob Dylan na magitaa ya umeme, nao walikuwa na mkataba na kampuni kubwa ya Columbia. Mapema 1968 Parsons alijiunga nao akiwa na mapenzi makubwa ya muziki wa kantri, akawavuta wenzake hadi Nashville kurekodi albamu ambayo ingetoka Agosti mwaka huo. Columbia iliwaombea nafasi ya kuimba katika Grand Ole Opry, ndani ya ukumbi wa Ryman, tarehe 15 Machi. Walikata nywele kidogo, lakini kwa macho ya waliokuwa ukumbini hawakuzikata vya kutosha, na walizomewa. Wimbo wao wa kwanza ulikuwa wa mwimbaji wa kantri Merle Haggard, unaohusu mfungwa anayepelekwa kunyongwa, na uliimbwa kwa heshima yote. Wimbo wa pili uliotangazwa ulikuwa pia wa Haggard. Parsons akabadilisha hapohapo bila kumwambia mtu, akatangaza kwamba angeimba wimbo wake mwenyewe kwa ajili ya bibi yake, akaimba. Katika kipindi kinachorushwa moja kwa moja, ambacho kila dakika imegawiwa mfadhili na kila wimbo umeshatajwa na mtangazaji, kitendo hicho kilihesabiwa kuwa ufidhuli, na wenyeji walikasirika kwelikweli.

Ni katika ziara hiyohiyo ndipo McGuinn na Parsons walipoketi mbele ya Emery. Rekodi waliyokuja nayo ilikuwa ya wimbo wa Dylan, ambao maneno yake yana mawingu, lango lisilofungwa, bibi harusi anayetarajiwa kesho na kiti cha kupaa nacho, vyote vikipita bila kufungamana katika kisa kimoja. Kwa masimulizi ya McGuinn mwenyewe, Emery aliwauliza wimbo huo unahusu nini, nao wakashindwa kumjibu.

Swali hilo limekuwa likichekwa kwa zaidi ya miaka 50, kana kwamba ni ushahidi wa ujinga. Mimi naliona kuwa swali halali, na pengine ndilo jambo la haki kuliko yote lililosemwa studioni. Emery aliuliza kile ambacho angemuuliza mtunzi yeyote aliyeleta wimbo mpya, na ambacho dereva wake kwenye barabara ya Kentucky angependa kujua. Kwa vijana wale wimbo haukudaiwa maelezo. Maneno ya Dylan yalikuwa na raha yake kama yalivyo, na fumbo lilikuwa sehemu ya raha hiyo. Pande zote mbili zilikuwa na fikra timamu kuhusu kazi ya wimbo, na fikra hizo zilikuwa tofauti. Mwenyeji makini angeigeuza tofauti hiyo kuwa mazungumzo mazuri ya redio. Tatizo ni kwamba Emery alikwisha kata shauri, akautumia muda uliobaki kuwafanya wageni wajione wadogo. Hapo ndipo lilipo kosa lake. Kutoupenda wimbo ni haki ya kila mtangazaji, na kukataa kuupiga ni kazi yake pia. Kumwalika mtu, kumweka mbele ya maikrofoni ambayo wewe peke yako ndiwe mwenye swichi yake, kisha kumdhihaki mbele ya hadhira iliyokwisha kuwa upande wako, hilo ni jambo jingine.

Wala hatuwezi kusema kwamba suala lilikuwa la maneno ya wimbo tu. Marekani ya mwaka ule ilikuwa imegawanyika juu ya vita vya Vietnam, na nywele za mwanamume zilikuwa zimegeuka kitambulisho cha siasa. Wiki tatu baadaye Martin Luther King aliuawa Memphis, upande wa pili wa jimbo hilohilo la Tennessee. Muziki wa kantri wenyewe ulikuwa na historia nzito ya rangi: DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo Mweusi aliyekuwa miongoni mwa nyota wa kwanza wa Opry, aliondolewa kipindini 1941, na Charley Pride alipopanda jukwaa hilo Januari 1967 lilikuwa jambo lililowashtua wengi. Mcheza kwao hutunzwa, na Nashville ilikuwa hodari wa kuwatunza wake. Swali la nani ahesabiwe kuwa wa kwao halikuulizwa hadharani, ila lilijibiwa kila usiku kwa nyimbo zilizopigwa na zile zilizoachwa.

Jibu la wageni lilitoka 1969 katika albamu yao iliyofuata. Parsons na McGuinn waliutunga wimbo huo pamoja, kisha Parsons akajitoa Byrds, na ukarekodiwa na bendi bila yeye. Mwishoni mwake McGuinn anasikika akisema kwamba unamwendea Ralph. Unamchora dereva wa lori wa duka la dawa ambaye pia ni mkuu wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi wa rangi. Kwa upande wa ufundi, ni kejeli iliyopigwa barabara: mahadhi yake ni ya kantri halisi, na gitaa la kulazwa linalolia ndani yake limepigwa na Lloyd Green, fundi mkubwa wa studio za Nashville, kiasi kwamba tusi lilivaa nguo za mtusiwa. Kwa upande wa haki, limezidi. Kumhusisha mtu na kundi la wauaji kwa sababu amekudharau redioni ni kumrudishia kofi kwa panga, na hakuna lolote katika kisa chenyewe linalothibitisha shutuma hiyo. Ajabu ni kwamba shabaha ilipotea upesi. Agosti 1969 Joan Baez aliuingiza wimbo huo katika onyesho lake la Woodstock, ukielekezwa kwa gavana wa California, Ronald Reagan, na pengine wengi waliokuwa katika uwanja ule hawakuwahi kumsikia Emery.

Yupo mtu wa tatu ambaye wasomaji wa Afrika Mashariki wanamjua kuliko hao wote, naye ni Skeeter Davis, mwimbaji wa ule wimbo wa 1962 unaouliza kwa nini jua bado linawaka wakati dunia imekwisha kufika mwisho. Wengi walioukariri wimbo huo kutoka redio za Nairobi hadi Mwanza hawajui kwamba alipokuwa akiurekodi alikuwa mke wa Ralph Emery. Ndoa yao ilidumu tangu 1960 hadi 1964, ikavunjika kwa uchungu. Baadaye kila mmoja aliandika kitabu cha maisha yake, na mtu akivisoma vyote viwili atadhani vinahusu ndoa mbili tofauti. Kwa masimulizi ya Parsons, usiku ule wa Opry wenyeji wengine walipowapa mgongo, Skeeter ndiye aliyewapokea kwa furaha nyuma ya jukwaa. Yeye mwenyewe aliuonja mlango huo Desemba 1973, aliposema jukwaani kwamba polisi wa Nashville walikosea kuwakamata vijana wahubiri, na Opry ikamsimamisha kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hapo Emery hakuhusika, na ndiyo sababu tukio hilo lina uzito katika uchambuzi huu: linaonyesha kwamba ulinzi wa lango ulikuwa desturi ya nyumba nzima, na kwamba hata aliyezaliwa Kentucky na kuimba Opry kwa miaka mingi angeweza kutolewa nje.

Je, Byrds walipoteza nini? Wimbo waliouleta kwa Emery uliishia nafasi ya 74 katika orodha ya Marekani, na albamu yao nafasi ya 77. Ni rahisi kumlaumu mtangazaji, lakini hata wasikilizaji wa roki waliipokea kwa ubaridi albamu ile, na vituo vya kantri vilikuwa vingi mno kuzuiwa na mtu mmoja. Sifa za albamu hiyo zilikuja polepole, kupitia wanamuziki walioisikiliza na kuiga njia yake. Parsons hakuishi kuyaona hayo, kwani alifariki Septemba 1973 akiwa na miaka 26. Mwaka 2018 McGuinn na Chris Hillman, mwenzake wa tangu kuanzishwa kwa bendi, waliipiga albamu hiyo katika ukumbi wa Ryman wakisindikizwa na Marty Stuart, mwanachama wa Opry, na safari hii hawakuzomewa.

Emery naye hakudhurika. Alihamia zaidi kwenye televisheni, na tangu 1983 hadi 1993 aliendesha kipindi cha jioni cha Nashville Now katika mtandao wa TNN, kilichomfanya ajulikane nchi nzima kwa sura. Mwaka 2007 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri, na alifariki Januari 2022 akiwa na miaka 88. Ila kwa anayetaka kuzielewa tunu zake, mfano unaofaa zaidi uko kati ya vipindi hivyo viwili, katika kipindi chake cha televisheni cha asubuhi mjini Nashville. Mnamo 1980 walifika pale mama na binti kutoka Kentucky, Naomi na Wynonna Judd, wasiojulikana na mtu na wasio na mkataba wa kurekodi. Naomi alikuwa akitengeneza sabuni nyumbani, akaja nayo. Emery alipolisahau jina lao aliwaita dada wa sabuni, akawaita tena siku nyingine, na miaka mitatu baadaye walisaini na RCA na kuwa miongoni mwa majina makubwa ya muongo ule. Walikuwa na karibu kila alichokithamini: sauti za jamaa zilizoshikana, nyimbo zenye visa, unyenyekevu wa mtu anayeomba nafasi, na dalili za kazi za mikono. McGuinn na Parsons walikuja na rekodi ya Columbia na wimbo usioelezeka, na Parsons, mjukuu wa tajiri wa mashamba ya machungwa ya Florida, hakuwahi kupanga bidhaa kwenye rafu ili alipie chochote. Emery alimtambua upesi sana mgeni aliyefanana na yeye alivyokuwa zamani. Asiyefanana naye hakumpa muda wa kutosha wa kumsikiliza.